Nilizamisha Uso Ghubani Hawaii

Jumapili, Nyaishozi. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, migomba inachuruzika maji. Miguu yangu imevimba kwa safari ya ndege, lakini moyoni nina sherehe.

Niliingia majini. Naandika kwanza hilo, mengine yafuate.

Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kilipopata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja kuwatembelea wakulima wa Hawaii, wajumbe wawili walitaka aende mwanamume. Ratiba ilikuwa na siku ya kupiga kasia ghubani na kutazama samaki chini ya maji, na mama wa miaka hamsini na mbili, walisema, atatutia aibu. Mzee Byabato, mwenyekiti wetu, alinitetea, ila kwa sharti: nifanye kila watakachofanya wageni wengine. Nikishindwa, safari ijayo hakuna mwanamke atakayefikiriwa. Nilikubali kwa sauti kubwa. Sikuwaambia kwamba tangu nilipoteleza mtoni utotoni, hata daraja la miti miwili navuka nimefumba macho.

Ghuba yenyewe ina mambo mazito. Juu kuna majabali ambamo wenyeji walificha mifupa ya wakubwa wao, na ng'ambo kuna mnara mweupe wa nahodha Mwingereza aliyeuawa pale zamani baada ya kugombana nao. Aliyenisimulia ni Malia, binti wa mwenyeji wangu, tulipokuwa kwenye kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki. Alitaka nisahau maji yaliyo chini yetu. Sikusahau.

Hata hivyo kasia nililiweza. Mkono uliozoea jembe hauogopi kasia. Tuliwapita wageni wawili vijana, nikaanza kujiona.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku chache kabla nilikuwa nimechemsha kahawa changa ya shamba lao, nikaianika juani, nikapata amwani kama tunazotafuna nyumbani. Kwetu mgeni hakai bila kupewa amwani, na mimi nikiwa na hofu lazima niwe na punje shavuni. Siku ile nilikuwa nazo tatu. Malia akanivisha miwani ya majini, akanipa bomba la kupumulia, akaniambia niling'ate na nivute pumzi kwa mdomo. Nikateremka, nikazamisha uso, nikavuta. Punje zote zikaenda kooni.

Nilikohoa, nikarusha mateke, nikamshika Malia nywele. Wageni wote wakageuka. Alinipiga mgongoni mpaka nikazitema, kisha akasema kwa upole kwamba inatosha, nipande kayaki nisubiri wenzangu.

Nakiri: nilifurahi.

Nilipanda, nikaanza kutunga uongo wa kumpelekea Mzee Byabato. Ulikuwa uongo mzuri, una hata rangi za samaki. Lakini nikajiuliza, nitawaambiaje wanawake wenzangu waende mbali, nami najua sikuthubutu? Haya ikanishika kuliko hofu. Nikamwita Malia kwa Kiingereza changu cha sekondari.

"Sasa mdomo ni mtupu," nikamwambia. "Nirudishe."

Nikazamisha uso.

Pumzi ikaja. Ikaja tena. Chini yangu samaki wa manjano walipita kundi zima, bila haraka, kama watu wanaotoka gulioni. Niliwatazama mpaka mgongo ukaungua jua. Nililia humo humo, na machozi ndani ya miwani hayana pa kwenda, kwa hiyo samaki wa mwisho niliwaona kwa ukungu. Sijawahi kujivunia kitu hivyo, hata siku nilipomaliza kujenga nyumba hii.

Leo baada ya ibada Mzee Byabato alitukusanya. "Mama Aneth," akasema, "tuambie, uliingia au hukuingia?"

Nilisimulia kila kitu, hata zile punje, hata uongo niliotaka kuwaletea. Walicheka hadi machozi. Wale wajumbe wawili walicheka kidogo, wakatazama viatu vyao. Kisha mzee akauliza safari ijayo aende nani.

Nikamtaja Ma Kokushubira, jirani yangu. Hakuna anayeanika kahawa vizuri kama yeye. Pia anaogopa maji kuliko mimi, na nilipomtaja alinivuta gauni kwa nguvu. Mzee akauliza kama kuna anayepinga, na hata wale wawili hawakuinua mkono.

Kesho asubuhi naenda kwake na beseni la maji. Tutaanza na uso.