Jina la Arvid Halimo

Dayton, Ohio
Desemba, tarehe kumi na mbili

Dada Verna mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Duluth, wewe na paka wako, na yule jirani anayekuondolea theluji mlangoni bila kuombwa. Goti linaendeleaje? Natumaini daktari safari hii amekupa dawa ya maana, si zile za kukulaza mchana kutwa. Huku kwetu hatujambo. Loretta anakusalimu, anasema supu yako ya mchele wa ziwani ameijaribu tena, na tena imetoka kama gundi. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio una homa, na homa yenyewe ni hasira. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningefoka, nawe ungeniambia nishushe sauti, na yale ninayotaka kukwambia yasingetoka. Basi jitilie kahawa, ukae, unisome mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Unaijua ile kamati ya chama chetu cha wahandisi wa anga, niliyoketi na shemeji Arvid miaka yote ile. Siku moja ulituuliza mezani kwako tunafanya nini hasa huko, Arvid akakujibu kwamba tunakunywa kahawa mbaya na kubishana kama ndege inaweza kuwa na akili. Hakukosea sana. Kazi yetu ni kuzisukuma mbele mashine zinazojiamulia zikiwa angani. Tunaandaa mikutano, tunapima kazi za watu, tunatoa tuzo, na kila mwaka ukiisha tunaandika katika jarida la chama hatua zilizopigwa. Mwaka huu makala hiyo nilipewa mimi niiandike. Ningejua, ningejivunja mkono mapema.

Mwaka ulianzia Orlando, kwenye mkutano mkuu. Tulikuwa hatujamaliza hata miezi mitatu tangu tumzike Arvid. Mwenyekiti wetu, Rosalind Teague, mama mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, alitusimamisha kimya kwa heshima yake, akamwita "Arvin". Arvin! Mtu aliyekuwa akimpitishia sukari kila kikao. Nilitazama chini nikaacha lipite, kwa sababu ulikuwa msiba wangu na sikutaka kuufanya ugomvi.

Lakini mchana wa siku ileile akasimama Thaddeus Pruitt, wa Huntsville, anayetengenezea helikopta za hospitali mitambo ya kuongozea. Akatuonyesha kazi yake mpya. Helikopta imebeba mgonjwa, injini inakufa juu ya nchi iliyofunikwa na theluji, rubani haoni kitu ila weupe. Mashine inatazama chini na kumchagulia pa kutua. Hayo wengi wameyajaribu. Jambo jipya ni kwamba mashine ya Pruitt ilikuwa haiiamini barafu. Iliweza kutenganisha shamba lenye theluji na ziwa lililoganda. Ikajua barafu nyeupe yenye mapovu ni dhaifu na ile nyeusi ya kung'aa ina nguvu. Ikajua theluji nene ikilala juu ya barafu huizuia isigande vizuri. Na pale isipokuwa na hakika, ilikiri haina hakika, ikamwachia rubani aamue.

Sasa niambie, Dada, nani mwingine katika chumba kile alikuwa na habari hizo? Wenzangu wengi barafu wameijulia kwenye glasi. Arvid ndiye aliyetufundisha mimi na wewe kutembea juu ya ziwa, akitangulia na mtaimbo wake, akigonga, akisikiliza, akigeuka kutukemea, "Hapa sipajui, msikanyage!" Na nani, kama si Arvid, alishinda katika chumba cha chini ya nyumba yenu kila Jumamosi na kompyuta yake na picha zake za maziwa, mpaka ukasema umeolewa na buibui?

Pruitt alimshukuru mkewe. Alishukuru timu yake. Alimshukuru mpaka mbwa wake, watu wakacheka. Arvid hakumtaja. Nilimfuata mlangoni nikamuuliza kazi ile ameitoa wapi. Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji, akasema, "Kazi ni ya timu yangu, Lowell. Sina la kuongeza." Akanipa mgongo.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Kila mwezi kamati inakutana kwa simu, na kila mwezi nililirudisha jambo lile. Nilidai uchunguzi. Rosalind akanijibu kwamba hii ni kamati, si mahakama, na akaniuliza kama nina ushahidi. Sikuwa nao. Unakumbuka ulinipa kompyuta ya Arvid, nikakwambia ilikuwa imeharibika. Nilikuficha. Ilikuwa nzima kabisa, ila imefutwa yote, imesafishwa kama sahani ya mgeni. Mimi nikaamini Pruitt ana mkono wake humo. Hata wenzangu wakanichoka. Siku moja mmoja wao alidhani amezima kipaza sauti, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Hostetler kaamka tena na mzimu wa shemeji yake." Wakacheka, Dada. Nikawasikia wakicheka.

Kiangazi tukaiona mashine yenyewe ikiruka, hapa hapa Dayton, kwenye kiwanja kidogo cha kusini. Rubani alikuwa dada mmoja mkakamavu ambaye hakucheka na mtu. Akazima injini makusudi juu ya shamba la soya lililokuwa limelowa mvua. Mashine ikatazama chini, ikasita, kisha tukaisikia kwenye redio ikisema kwa sauti yake ya bati, "Hapa sipajui." Watu wakaangua kicheko. Rubani akashika usukani, akaisogeza mbele kidogo, akaitua kwenye njia ya changarawe kama anaweka yai. Vicheko vikageuka makofi. Mimi nilikuwa nimekwenda nyuma ya gari la zimamoto, nimeshika bomba la watu, nalia kwa hasira. Walikuwa wamemwibia hata maneno ya kinywani!

Basi nilipoketi kuiandika makala, nilimtanguliza Arvid. Nilisema hatua kubwa ya mwaka ni mashine iliyojifunza kutoiamini barafu, na kwamba fikra hiyo ilikuwa ya marehemu Arvid Kangas. Rosalind akanirudishia, jina limeondolewa. Nikalirudisha. Akaliondoa. Tukavutana hivyo majani yakapukutika yote. Mwishowe akanipigia simu, akaniambia kwa upole ambao sikuuzoea kwamba ni Pruitt mwenyewe anayekataa jina lile liwemo, na kwamba hamwelewi. "Hakatai kwa kiburi, Lowell," akasema. "Anakataa kama mtu anayeogopa." Mimi nikasema mwizi yeyote huogopa.

Ijumaa iliyopita ilikuwa hafla ya tuzo, chakula cha mchana Cleveland, vitambaa vyeupe, kuku mkavu. Tuzo ya mwaka ikaenda kwa Pruitt. Alipoitwa hakuinuka mara moja. Mimi ndiye niliyeinuka. Sitakuandikia yote niliyosema, maana ulinilea vizuri. Ila nilimwita mwizi, kwa sauti, mbele ya kamati nzima na wake zao na waume zao. Nilimwambia amemvua maiti koti na sasa anapigiwa makofi akiwa amelivaa. Uma zikasimama hewani. Rosalind akasema, "Lowell, keti, tafadhali," nami nikamwambia Arvid jina lake ni Arvid, si Arvin, na kwamba mimi nimeshaketi vya kutosha.

Pruitt alikunja kitambaa chake, akaja mpaka kwenye meza yangu, akaniambia nimfuate nje.

Tulisimama kwenye maegesho bila makoti, upepo wa ziwani ukitukata masikio. Nilidhani tutapigana, na nilikuwa tayari, pamoja na umri huu. Akaniuliza, "Umemaliza? Sasa nisikilize, kichwa ngumu wewe. Ni yeye aliyeniomba."

Akanieleza kwamba Arvid alikwenda Huntsville mwaka jana, Februari, akiendesha gari peke yake, na kazi nzima ikiwa kwenye kiti cha pembeni. Ile safari aliyokuaga kwamba anakwenda kutazama gari la zamani, ndiyo hiyo. Kampuni iliyomwajiri ilishaonyeshwa kazi ile, ikaitupa kabatini, kwa kuwa helikopta za hospitali hazina faida. Na mkataba wake ulisema chochote atakachobuni ni mali yao, hata akikibunia nyumbani kwake akiwa na ndara miguuni. Jina lake likionekana popote, wangeidai, na wakiipata wangeifungia tena. Kwa hiyo akampa Pruitt yote, akaifuta kompyuta yake mwenyewe, akamwapisha asimtaje maisha. Pruitt alimuuliza haraka ya nini, kwa nini asistaafu kwanza aje aifanye kwa jina lake. Arvid akamwambia hana muda huo.

Nikamwambia Pruitt hapo anasema uongo, kwa sababu Februari Arvid alikuwa mzima wa afya.

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonivunja kuliko ngumi. "Februari alikuwa ametoka kwa daktari, Lowell. Alishaambiwa ni saratani ya kongosho."

Dada Verna, hilo ndilo nililokukalisha chini kwa ajili yake. Alijua. Wewe na mimi tuliambiwa Septemba, tukadhani na yeye ameambiwa Septemba. Mwezi wa Mei ulipomnunulia suruali mpya na kumtania kwamba amerudi kijana wa siku ya harusi, alijua. Alicheka nawe akijua. Daktari alikuwa amemwambia dawa zingemwongezea miezi michache, na miezi yenyewe ya kitandani. Yeye akachagua kuiokoa kazi yake ya kule chini ya nyumba, na akachagua kutokwambia, kwa kuwa alijua ungempeleka hospitali hata kwa kumbeba mgongoni. Kila unaponipigia ukalia kwamba ungeona mapema, kwamba ulimsifia kukonda wakati anakufa, naumia. Huna hatia. Huna hata chembe. Hukuona kwa sababu mtu uliyemwamini kuliko wote alisimama mbele yako akaziba.

Pruitt aliapa kwamba hatakwambia. Mimi sikuapa.

Na hayakuishia hapo, maana ulimi wangu ulishafanya kazi yake. Jumatatu asubuhi mwanasheria wa ile kampuni aliyoifanyia kazi Arvid alimpigia Rosalind, akitaka kujua maneno niliyosema Cleveland yalikuwa na maana gani. Helikopta tatu zinaruka na mashine ile hivi sasa. Moja, Pruitt ananiambia, mwezi uliopita ilikuwa na mama mjamzito ndani yake kule Montana. Mashine ilikataa mahali, rubani akapaacha, na asubuhi wakakuta pale pana maji chini ya theluji. Mama na mtoto wako hai. Ungetegemea habari hiyo initulize. Haikunituliza.

Jumanne kamati ikakutana kwa simu, nikaomba nafasi. Nikasema mbele ya wote kwamba nilimkosea Thaddeus Pruitt. Nikasema msiba ulinivuruga akili. Nikasema, na wakaniandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba Arvid Kangas hakuhusika na kazi hii kwa namna yoyote. Mdomo wangu huu huu. Rosalind akanishukuru, akanipa pole, akashauri nipumzike kamati kwa muda. Pruitt nilimsikia akivuta pumzi. Halafu wakaendelea na ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa chakula cha mkutano wa Januari, kama kiwe mikate ya kushika mkononi au cha kuketi mezani. Makala imekwenda kuchapwa. Jina la Arvid halimo.

Nilidhani hasira zangu zingehama hapo. Zimehama kweli, lakini zimehamia kwake. Namkasirikia Arvid, Dada, namkasirikia kama mtu aliye hai. Alitupa kazi ya kumlilia bila kutuuliza kama tuko tayari kuibeba hivi. Alimwamini mtu wa Huntsville akakuacha wewe ukikunja suruali zake. Ameokoa watu asiowajua, na mimi nimelazimika kusema hakufanya kitu. Watu wakisema alikuwa mtu mwema nitanyamaza, kwa kuwa ni kweli, lakini wasitegemee nitatabasamu.

Barua hii ukishaisoma itie kwenye jiko la kuni, na mambo ya Huntsville yasitoke mdomoni mwako hata kwa mchungaji. Mimi nakuja Jumamosi ijayo, Loretta atafuata baada ya kazi. Ukitaka kunipiga kwa kukwambia, nitakaa chini ili ufikie. Na ukitaka twende makaburini tukamfokee wote wawili mpaka sauti zitukauke, gari nitaendesha mimi.

Msalimie jirani. Jifunike vizuri, usipande ngazi na goti hilo.

Mdogo wako akupendaye,
Lowell