Kompresere ya Papa Alphonse

Baraka, tarehe 9/4/2024

Yaya Isidore,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Willy na za batoto. Kifua yako inaendelea aje? Na bibi yako, amepona ile malaria? Huku kwetu tuko. Ziwa imepanda mpaka pale bamama banauzishia ndagala, lakini kwenye parcelle, kiwanja yetu ya garage, maji haiyafika.

Yaya, we ndiye kaka mukubwa, nakuandikia juu ya kompresere ya papa, ile ya kujaza hewa mapine ya magari. Tangu papa alitutoka, hakuna muntu huku anajua hata jina ya ile mashini. Yeye alikuwa anaisikiliza tu. Sauti ikibadilika, anaizima, anasema imeshiba. Manometre yake, ile saa ya kupima presio, ilikufa zamani, na plake ya fabrike, kile kibati cha jina, imefunikwa na rangi, juu ya vile kila mwaka mbele ya Noeli papa alikuwa anaipaka upya. Sasa Willy akiijaza anasimama mbali kama muntu anaogopa mbwa.

Tunataka kujua ni ya wapi, inabeba presio mpaka kiasi gani, inakunywa mafuta gani, inatoa hewa mingi ao kidogo. Na tena kama inaweza kutembea asubuhi mpaka jioni bila kuzimwa. We uko fundi kule Lubumbashi, kwenye magarage makubwa, huwezi kukosa muntu wa kuuliza. Natuma na picha, lakini telefone yangu ni ile ile.

Garage imelala, yaya. Magari ya mashirika ya kambi ya bakimbizi ya Lusenda yamepunguka, na matatizo ya barabara ya Uvira unayasikia mwenyewe. Willy anakaa kwenye kiti ya papa anaangalia njia. Tafazali usichelewe.

Mudogo wako,
Arlette

Lubumbashi, tarehe 10/4/2024

Mudogo wangu Arlette,

Nimefurahi kusoma sauti yako. Bibi yangu amepona, anakusalimia. Kifua yangu iko vile inakuwaka kwa muntu wa rangi na mavumbi, usijali.

Picha zako hazionyeshe kitu, naona tu kijani ya papa. Fanya hivi. Chukua petroli ya taa na kitambaa, sugua polepole pembeni ya tanki, chini ya mukanda. Plake ni ya shaba, usiikwangule na kisu, herufi zitakufa. Ikikataa, angalia juu ya pompe yenyewe, ile chuma yenye mabawa: fabrike zilikuwa zinamwaga jina yao ndani ya chuma. Niambie silinda ni ngapi, na kama zimesimama ao zimelala kama miguu ya panzi. Pima na upana wa tanki. Halafu piga picha mchana, inje, mashini yote, pande zote.

Mwambie Willy, mbele tujue nguvu yake, asiijaze sana. Tanki ya zamani inaoza toka ndani, juu maji inakaa chini yake. Afungue kile kirobine cha chini kila asubuhi, iteme maji. Tanki ikipasuka haitoe onyo.

Yaya wako,
Isidore

Baraka, tarehe 14/4/2024

Yaya,

Jambo sana. Tunaamka vizuri, na kwenu natumaini ni vile.

Nimesugua mpaka vidole vinanuka petroli hata ndani ya bugali. Chini ya kijani kulikuwa bluu, chini ya bluu nyekundu, halafu shaba ikaonekana. Nilikaa chini nikalia kidogo, juu niliona kama nafungua papa mwenyewe. Jina ya fabrike imekulika, imebaki mwisho wake tu, na neno «Liège». Kuna namba, iko kwenye picha. Silinda ni mbili, zimelala kama ulivyosema.

Kitu kimoja hukukijua: ile moteri ya umeme ya zamani iliungua. Papa aliweka pahali pake moteri ya esanse, yenye kukunywa mafuta ya pikipiki, ile ya mulini wa mama mukubwa. Ndiyo inavuta mukanda sasa. Picha zote nimepiga inje.

Willy anauliza kila siku kama umejibu. Fanya haraka, yaya.

Mudogo wako,
Arlette

Lubumbashi, tarehe 17/4/2024

Arlette mudogo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Umefanya kazi ya fundi.

Niliweka picha zako ndani ya grupe moja ya bafundi kwenye telefone, batu ba kila inchi. Muzee mumoja wa Ubelgiji akaitambua kwa ile namba na kwa umbo ya mabawa. Fabrike yenyewe ilifungwa mbele hata hujazaliwa. Amesema atatafuta kitabu yake nyumbani, atapiga picha kurasa zake.

Kwa sasa nakupa yale ananiambia. Tanki ilikuwa ya kubeba presio ya bari kumi ikiwa mupya. Leo musivuke sita. Mafuta ni ya kompresere, hapana ya gari. Na haiko mashini ya kutembea siku muzima: ilitengenezwa ifanye kazi, ipumuzike, ifanye tena. Ikichemuka sana inachoma mafuta yake, na hewa inatoka na harufu.

Kwenye picha nimeona papa alielekeza bomba ya moshi ya ile moteri karibu kabisa na mudomo wa kompresere, pale inavutia hewa. Inameza moshi yake yenyewe. Kwa mapine haina neno kubwa, lakini muigeuze.

Sasa unijibu swali: mapine gani ya Baraka yanaomba hewa asubuhi mpaka jioni?

Yaya wako,
Isidore

Baraka, tarehe 25/4/2024

Yaya Isidore,

Salamu. Unisamehe, rezo ya telefone ilianguka siku hizi zote, na hata ingekuwako, sikujua namna ya kukujibu.

Kompresere haiko tena Baraka. Willy aliipakiza kwenye kamio ya bachuuzi, akaenda nayo Misisi. Kule mashimo ya zahabu yameenda chini sana, taa ya mushumaa inazimika ndani. Mwenye shimo, bo banamuita PDG, anatafuta batu ba mashini ya kusukuma hewa chini kwa tiyo, bomba ya mupira, bachimbaji bapumue. Willy alisema ni kazi ya mwaka muzima. Alinikataza kukuambia, juu alijua utasema kitu ya papa isitoke kwenye parcelle. Nilikubali. Batoto balikuwa bamefukuzwa ku masomo kwa kukosa kulipa, na mwanaume wangu alikuwa anakauka kwenye kile kiti.

Barua yako ya 17 ilimukuta ameisha kuondoka. Nilimusomea kwa telefone akiwa Lulimba, ile ya bari sita na ya mafuta. Ile ya moshi, sauti ilikatika katikati. Kule kariere, kwenye machimbo, hakuna rezo. Sijue alisikia nini.

Usikasirike. Niambie tu kama iko sawa.

Mudogo wako,
Arlette

Lubumbashi, tarehe 25/4/2024, saa ya jioni

Arlette,

Haiko sawa. Simama pale uko, usome yote.

Moshi ya esanse ikiingia ndani ya kompresere, inashuka na tiyo mpaka chini ya shimo. Ile moshi ina sumu yenye haionekane na haina harufu. Muntu anasikia kichwa kuuma, anasikia usingizi, miguu inakataa, anakaa chini. Haamuke tena. Inje, upepo inaipeleka. Ndani ya shimo haina pahali pa kwenda.

Yule muzee amenitumia kurasa leo. Kuna mustari umeandikwa kwa herufi kubwa: hewa ya mashini hii haiko ya kupumua. Na ile ilikuwa bado na moteri ya umeme.

Tafuta muntu wa piki mwenye anaenda Misisi. Mwambie Willy azime. Kama kuna batu chini, batoke kwanza juu, halafu ndiyo bazungumuze.

Isidore

Lubumbashi, tarehe 26/4/2024

Mudogo, naona message yangu haiyafika kwako. Nimepigia Willy, nimepigia jirani yako, nimepigia na parokia. Simu zote zinalia mbali, halafu zinakatika. Ukisoma hii, usinijibu. Enda.

Yaya wako

Lubumbashi, tarehe 27/4/2024

Arlette. Rudisha neno moja tu.

Yaya wako

Misisi, tarehe 1/5/2024

Yaya Isidore,

Salamu. Nimepata muntu anapanda Lulimba, atatuma hii akifika kwenye rezo. Mi niko muzima. Willy yuko muzima kwa mwili.

Message zako ziliingia zote pamoja siku ya Mungu, nikiwa natoka misa. Niliacha batoto kwa jirani na nguo za kanisa mwilini. Mi na mwenye piki tulipanda Fizi, tukalala Lulimba juu mvua ilikata njia, asubuhi tukaendelea, tunashuka tunasukuma piki ndani ya matope.

Kompresere niliisikia mbele niione. Unajua sauti yake, kama muntu anakohoa na kukataa kulala. Iko inafanya kazi kwenye mudomo wa shimo, chini ya shitingi, turubai ya plastiki, juu ya mvua. Shitingi imefungwa pande zote, yaya, moshi ilikuwa imejaa ndani kama jikoni. Nikauliza Willy yuko wapi. Mwanaume mumoja akanionyesha chini na kidole.

Bachimbaji balikuwa banalalamika kichwa tangu asubuhi. Bamoja bakakataa kushuka. Willy akabaambia: «Hii ni mashini ya baba-mukwe wangu, hewa yake ni ya muzuri, mi mwenyewe nitashuka muone.» Akashuka na kijana mumoja Murundi wa kambi ya Lusenda, anaitwa Pierre-Claver.

Nikasema bazime. Bakacheka, bakazani ni bibi amefuata bwana kumugombanisha. Nikaingia chini ya shitingi, nikavuta waya ya buji, ile inapeleka moto ku moteri, na mikono yangu. Ilinipiga, lakini ikanyamaza. Mumoja akanisukuma, akasema naua batu, nimebakatia hewa. Nikamwambia aite kwa kamba. Akaita. Hakuna mwenye alivuta kamba toka chini.

Hapo bakaacha kunisukuma. Babili bakashuka na vitambaa ku pua, bakafunga Willy, tukamuvuta. Alitapika, akafungua macho, akaniuliza kama tumefika Uvira. Pierre-Claver alitoka wa pili. Alikuwa kama muntu amelala vizuri. Tulimupepea, tulimupiga ku mashavu, mama mumoja wa kuuza chai alimupulizia ndani ya kinywa mpaka akachoka.

Sasa nataka uniambie kitu, na usinifiche. Toka nilivuta ile waya mpaka kumutoa Pierre-Claver ilipita wakati. Je, alikuwa ameisha kufa, ao mi ndiyo nilimukatia ile hewa kidogo ilibaki? Bale banaume bananiangalia. Silale.

Mudogo wako,
Arlette

Lubumbashi, tarehe 3/5/2024

Arlette, mudogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye kazi, bakanipa kiti.

Umeniomba nisikufiche. Sijue. Hakuna fundi atakuambia kweli dakika gani roho ya yule kijana ilitoka. Lakini jua hii: ile ilikuwa inashuka ndani ya tiyo haikuwa hewa. Kila dakika mashini ilitembea, iliongeza sumu juu yao. Ungeiacha ikitembea mpaka bamalize kukubishia, ungevuta babili bamekufa. Sikuambie hivi kukutuliza. Nimeiwaza usiku wote nikitafuta namna ingine, sikuipata.

Willy asirudishwe kazi, asifanye kitu kizito. Akisahau majina, akilia bila sababu, umupeleke Baraka kwa munganga wa hospitali, ile sumu inaweza kukaa ku kichwa muda murefu. Mi naomba ruhusa hapa. Bakinipa, nitakuja kwa njia ya Kalemie na ziwa.

Yaya wako,
Isidore

Misisi, tarehe 8/5/2024

Yaya Isidore,

Salamu nyingi. Nimepata barua yako, nimeisoma mara mingi. Willy anakula. Jana aliniita kwa jina ya mama yake, halafu akaona mwenyewe amekosea, akafunika uso. Tutaondoka akiweza kukaa juu ya piki.

Bibi ya Pierre-Claver alifika toka Lusenda, jina yake Inamahoro, na mutoto ku mugongo. Balikuwa bameisha kumuzika, juu ya joto. Aliomba aonyeshwe kaburi, halafu akaomba aonyeshwe mashini. Nilimupeleka. Nilizani atanipiga, na nilikuwa tayari. Aliizunguka, akaweka mukono ku tanki, akauliza: «Hii ndiyo ilimuua?» Nikasema ndiyo. Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya papa yangu. Akaniambia: «Bwana yangu alinitumia habari kwamba sasa kuna mashini, kwamba nisimuogopee tena.» Halafu akaomba maji ya mutoto. Nilimushikia mutoto akikunywa.

PDG alitaka tumuachie kompresere. Nilikataa. Alikasirika, akasema atapata ingine, na ameipata: iko kwenye shimo ya pili, ya moteri ya esanse vilevile, moshi vilevile. Nilienda pale na barua yako. Nilibasomea yote, ile ya usingizi, ile ya miguu kukataa. Balinisikiliza vizuri, bamevua kofia kama kanisani. Nikamaliza, nikazani bataenda nyumbani.

Hakuna mwenye alienda. Mumoja wao, mwanaume mukubwa wa Ubwari, alikuwa muvuvi mbele, aliniambia: «Mama, tumesikia ya kuua. Bila hewa hatushuke, na bila kushuka batoto hawakule. Yenye haiue iko ya namna gani? Tuambie jina yake, iko na umbo gani, iandikwe nini kwenye plake yake, tumukatalie PDG mpaka ailete.» Benzake bakaitika. Nikasema mi sijue, lakini niko na yaya.

Basi uliza yule muzee wa Ubelgiji, uliza grupe yote. Mbele uombe ruhusa ya kuja, mbele ya kila kitu, tafuta hii. Uandike kwa Kiswahili chepesi, juu nitasoma mbele yao, bengi hawasome. Mubebaji wa barua atangoja kule Lulimba jibu yako, nimemuomba asirudi bila hiyo.

Leo bamekubali kutoshuka. Ya kesho hawakuniahidi.

Mudogo wako,
Arlette