Kioo Juu ya Ufa

3 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Naamini mgongo umekuachia kidogo. Sisi huku wazima, usingizi tu ndio haba. Bwana Mdogo anaota magego, na nyumba nzima inajua. Baba yake bado yuko melini, anakusalimu. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho ulisema "Nani? Nani?" mpaka salio likakaribia kuisha, ukakata ukidhani ni watu wa matangazo.

Nina jambo la kukuuliza. Ile kamera ndogo ya mfukoni imenitunza vizuri. Ila wazazi wa chekechea sasa wanataka picha ambazo mtoto anatokea wazi na nyuma yake kumeyeyuka kama ukungu. Kamera yangu haijui kuficha. Ukipiga mtoto, unapata mtoto, ndoo, waya na msumari ukutani. Inabidi nihamie kwenye ile kubwa ya kubadilisha lenzi, DSLR. Dukani nimeonyeshwa mbili. Moja mpya, ina lenzi ya kuvuta, na muuzaji anazisifia megapikseli zake kama anauza ng'ombe wa maziwa. Nyingine imetumika, mpira wa mshikio umechakaa, lakini inakuja na lenzi fupi isiyovuta, na hiyo ndiyo inayoyeyusha nyuma. Nichague ipi? Najua wewe ni mwashi, si mpiga picha, lakini simjui mtu aliyenunua vifaa vingi vya kazi kukushinda.

Nimekuwekea picha nne za mjukuu wako, moja kila mwezi, zote katika chumba chetu cha mbele. Mchana ni studio, jioni tunatandika godoro.

Ni mimi binti yako.


15 Februari

Binti yangu,

Marahaba, marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Kumbe yale matangazo yalikuwa wewe! Nilishangaa yananijua jina.

Fundi mchanga hununua mwiko kwa mpini unaong'aa. Mpini haujengi. Kinachogusa udongo ndicho cha kukigharimia, na kwa ulivyonieleza, kinachogusa picha ni lenzi. Chukua iliyochakaa. Ila kwanza ishike kwa mkono mmoja huku umembeba mtoto, kwa sababu ndivyo utakavyoitumia.

Sasa picha. Mjukuu wangu kanona, macho kayachukua kwa bibi yake. Nilipomaliza kumtazama nikatazama nyuma yake, ni mazoea ya miaka arobaini. Kuna ufa unaanzia pembe ya dirisha, unashuka kwa vidato kuelekea kwenye nguzo. Katika picha ya kwanza umefika usawa wa sikio lake. Katika ya nne umefika kiunoni, naye amesimama pale pale.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huo ni msemo wa wenye nyumba. Fundi haanzi kwa kuziba, anauliza kwanza ufa unakwenda wapi. Juu yenu kuna nini?

Tafuta kipande chembamba cha kioo, upana wa kidole. Kibandike kikatize ufa, plasta upande huu na upande huu. Plasta ikiwa mbichi, ichore tarehe kwa msumari. Kikivunjika, ujue ukuta unatembea. Siku hiyo usiniandikie. Toka.

Baba yako.


2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Joto limezidi, Bwana Mdogo anashinda ndani ya beseni kama kiongozi.

Nimenunua iliyochakaa! Nilimbeba mtoto mkono huu, kamera mkono huu. Muuzaji akasema, "Mama, mweke mtoto chini basi." Nikamwambia, "Huyu hawekeki chini, ndiyo maana najaribu." Baba, ni nzito, lakini ukibonyeza inaitika hapo hapo. Ile ndogo ulikuwa unabonyeza, mtoto anacheka, anaacha kucheka, anakwenda zake, ndipo inapiga.

Kioo nimekibandika tarehe 24, na tarehe nimeichora pande zote mbili. Picha yake nimeipiga kwa kamera ndogo, nimekuwekea humu. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho, sasa lenzi haitoki tena.

Juu yetu kuna ghorofa mbili, na mwenye nyumba anaongeza ya tatu. Tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu ukimwambia bomba linavuja jibu ni hilo. Alipokiona kioo alicheka: "Mama Studio, unaupima ukuta homa?" Akasema ni lipu tu, nyumba zote zina mikunjo kama watu wazima.

Tazama picha mpya za mjukuu wako. Hata nywele za nyusi zinahesabika.

Binti yako aliyechoka ila ana furaha.


14 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nyusi nimeziona, hongera. Zaidi ya ile ya tarehe 24, ukuta sikuuona. Picha mpya sita, na nyuma ya mtoto ni ukungu mtupu. Kioo ni doa tu, sijui ni kizima au vipande.

Ile kamera ndogo ilikuwa shahidi mjinga, anasema yote aliyoyaona. Hii mpya ni janja, inachagua la kusema. Sikulaumu, wateja ndivyo wanavyotaka. Lakini mimi si mteja. Iulize kamera yako kama inaweza kusema kweli, kisha uniletee ukuta peke yake.

Umesema ghorofa ya tatu. Nani alizipima zile nguzo? Njoo nyumbani na mtoto hata wiki mbili. Chumba chako nimekifagia.

Baba yako.


25 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Usinikasirikie, siwezi kuja sasa. Chekechea wamenipa kazi ya picha za mwaka, watoto karibu thelathini, wanaletwa humu chumbani Jumamosi tarehe 6. Nikiikosa hii, watampa yule wa mjini mwenye taa.

Lakini nimekutii. Muuzaji amenifundisha: namba ndogo, tundu la lenzi linafunguka na nyuma kunafifia. Namba kubwa, tundu linabana na vyote vinaonekana. Nimeiweka kamera juu ya makopo ya rangi isitikisike, nikapiga ukuta peke yake. Picha hiyo hapo. Kioo kizima, Baba! Hata ufa haupo tena. Wiki iliyopita nilipokwenda kupeleka picha, fundi wa Bwana Kesho aliingia akaupaka rangi ukuta wote. Kesho imekuwa leo, majirani hawaamini. Na kioo chako kakiheshimu, kakiacha pale pale.

Kasoro ni mlango wa chooni tu, umeanza kugoma kufunga. Nimeupiga randa kidogo. Lala sasa, mzee wangu, usiwe na wasiwasi.

Binti yako.


1 Aprili

Binti yangu,

Salamu tutapeana baadaye. Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji, itakufikia kabla ya posta.

Weka picha mbili pamoja, ile ya mwisho ya kamera ndogo na hii uliyoniletea. Usitazame kioo, tazama plasta. Katika ya kwanza kuna tarehe uliyoichora kwa msumari, pande zote mbili. Katika ya pili plasta ni laini kama shavu la mtoto. Rangi haifuti mchoro wa msumari.

Hicho si kioo chako, mwanangu. Chako kilivunjika, na mtu akakibandika kipya ili ulale.

Na mlango haugomi bure. Fremu imekaa upande, kwa sababu nyumba imekaa upande.

Usikusanye vyombo. Mtoto kwanza. Na wale watoto wa watu wasivuke kizingiti hicho.

Baba.


7 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Tuko hai, tumelala katika darasa la chekechea juu ya mikeka ya watoto.

Dereva wako alinipa barua dirishani jana asubuhi. Watoto walikuwa wameshapangwa kwenye ukumbi wa nyumba yetu, wamepakwa mafuta wanameta. Niliisoma nimesimama. Nikaupapasa ukuta kwa kidole. Laini. Mkono wangu ndio uliochora ile tarehe, Baba, na kila siku nilipita hapo nikaona kioo kizima, nikapita. Nilitaka kiwe kizima.

Nikamwambia mwalimu picha tunapigia nje, ng'ambo ya barabara. "Jua hili?" Nikasema jua nitalijua mimi. Walitoka wakiimba, wameshikana mashati. Wa mwisho alirudi kuchukua kiatu, nikamnyakua mzima mzima.

Bwana Kesho akaja mbio. "Mama Studio, unanifukuzia wapangaji kwa kipande cha kioo?"

"Cha kwanza kiko wapi?"

"Fundi alikigonga na brashi."

"Brashi ya rangi inavunja kioo?"

"Basi kesho nitamleta mhandisi." Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Kila mlango niliokwenda na picha zangu mbili walikuwa bado wanacheka. Mshonaji wa juu alizitazama kwa makini, akaniuliza kamera kama hiyo inapatikana wapi. Ni familia moja tu iliyotoka. Ofisi ya majengo inafunguliwa Jumatatu, nitakuwa mlangoni kabla ya mfagiaji.

Njoo, Baba. Mimi nikisema wanaona kamera. Wewe njoo na timazi yako ya kupimia ukuta, na sauti yako hiyo ya kiziwi isikike mpaka juu.

Chumba changu kimeshapata mtu. Leo mchana amehamia mama wa mapacha, hata kutambaa bado. Mafundi wanapandisha zege juu yake ndoo kwa ndoo, Jumapili yote. Nilivuka nikamweleza kila kitu, akasema mwenye nyumba alishamwonya kuwa nina wivu wa chumba. Kisha akaiona kamera, akaniomba nimpige picha na wanawe katika nyumba yao mpya. Nimemwambia nitampiga bure, nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, ila avuke barabara aje huku, na watoto wote wawili, na vyombo vyao.

"Dada, jua kali," akasema. "Ingia wewe ndani."

Ninaandika nimeketi ng'ambo, kamera iko mapajani. Sijaingia, naye hajatoka.

Binti yako.