Nazi za Hitima ya Baba

Dada Mwanaisha, shikamoo. Huku Kisauni mvua haikatiki, na mahamri niliyonunua langoni mwa hospitali yamenipoa mkononi.

Nina la kutubu. Mke wangu Rehema aliwekewa mifuko ya silikoni kwenye matiti, na mimi ndiye niliyemganda mpaka akakubali. Daktari alimkataza kazi nzito. Ikaja hitima ya baba, wewe ukamwita mvivu, naye akakalia mbuzi akakuna nazi za watu wote ili siri yangu isitoke. Mfuko mmoja ukahamia kwapani. Leo wanaurudisha mahali pake.

Akiingizwa ndani kaniambia, "Mwandikie wifi ni jipu tu, usijiaibishe."

Wallahi nimechoka kusitiriwa, dada. Muombee yeye.

Nduguyo akupendaye, Omari