Gervasi Aja Kuisikiliza Ardhi

Endasak, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Gervasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku sisi wazima, isipokuwa goti langu la kushoto. Wewe je? Presha imeshuka? Unakula mboga, au bado unakula nyama tupu kama askari?

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikianza kukuambia ukweli, mtandao unakatika upande wako. Karatasi haikatiki.

Neno ni hili. Tangu mlima uporomoke mwaka ule, chemchemi yetu ya juu imezibwa na tope. Tunashuka bondeni na ndoo, kwenda na kurudi saa tatu, nami nina miaka sabini na mmoja. Sasa kigango chetu cha kanisa kimeahidiwa mtambo wa kuchimba kisima, utakuja mwezi wa saba, na utachimba shimo moja tu. Likiwa kavu, basi. Mwaka jana alikuja fundi wa kutafuta maji kwa kijiti cha mti, kijiti kikainama, tukachimba kwa mikono wiki tatu, tukapata vumbi.

Wewe umetafuta mafuta ardhini miaka thelathini hukuyaona. Sikulaumu, mafuta yako mbali. Maji yako karibu zaidi. Njoo utuonyeshe.

Dada yako,
Imakulata


Nambis, 12 Februari 2025

Dada Imakulata,

Milele amina, na shikamoo. Pole na goti. Presha ilikuwa imeshuka mpaka niliposoma barua yako.

Tuelewane, dada. Mimi ni mtaalamu wa jiofizikia. Kazi yangu haikuwa kuona mafuta, ilikuwa kusema yapo au hayapo. Mara kumi na moja nilisema hayapo, na mara zote kumi na moja nilikuwa sahihi. Ni watu wachache wanaostaafu na rekodi kama hiyo.

Nitafika Ijumaa tarehe 28, tufanye kazi Jumamosi. Andaeni nyundo ya kupasulia mawe, bamba la chuma na mtu mwenye nguvu. Mimi nitachomeka vyombo vyangu vya kusikilizia ardhini. Nyundo ikipiga bamba, sauti inashuka na kurudi, nami napima muda. Kwenye mwamba inakimbia, kwenye udongo mkavu inajikokota, penye maji ina mwendo wake.

Pawe kimya kabisa. Yule jirani yako Mbarabaig, Gidamis, awapeleke ng'ombe wake mbali. Kwato mia nne zikitembea, chombo kinadhani ni tetemeko.

Nyundo sitaipiga mimi, na asiipige mtu kabla sijainua mkono. Usiulize kwa nini.

Mdogo wako,
Gervasi


Endasak, 5 Machi 2025

Gervasi,

Sisi wazima. Wewe sijui, maana Jumapili uliondoka kabla ya misa bila kuaga, ukaacha kofia na soksi moja.

Bura, yule kijana wa nyundo, anakuomba radhi. Anasema nyundo ilikuwa nzito, ikashuka kabla hujainua mkono. Nami nikakuona unajitupa kifudifudi, mikono kichwani. Katekista akadhani ndivyo inavyofanywa, akalala. Wazee wa kigango wakalala. Jirani yetu Fransiska akalala na kitenge chake kipya. Bura akaona amebaki amesimama peke yake, akaiweka nyundo chini kwa adabu, naye akalala. Hata Gidamis, ambaye hajawahi kumpigia mtu magoti, alilala pembeni yangu akaninong'oneza, "Mama, ardhi inasema nini?" Ng'ombe aliowaacha karibu, kinyume na maagizo, wakatimua mbio.

Ukainuka, ukajipangusa, ukasema, "Vizuri, tuendelee." Nyundo ikapigwa mara tisa zaidi, na mara tisa kijiji kizima kikalala. Kisha ukapigilia kigingi cha kuonyesha pa kuchimba, karibu na zizi, ukaingia ndani kulala bila kula.

Watu wanakusifu. Wanasema utaalamu wako una unyenyekevu mwingi. Lakini mimi nililala karibu yako, Gervasi. Nilisikia meno yako yakigongana. Ile haikuwa jiofizikia. Niambie.

Dada yako,
Imakulata


Nambis, 17 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Barua hii nimeichana mara nne.

Msichimbe penye kigingi. Nilikipigilia ili niweze kuondoka. Vipimo vyote vilikuwa kwato za ng'ombe na mwili wangu mwenyewe ukitetemeka.

Unajua kwamba vitani nilikuwa kikosi cha mizinga. Tuliona mwako wa mzinga wa adui, halafu ikafuata sauti. Mimi nilihesabu sekunde katikati, nikasema mzinga uko umbali gani. Nilipatia kuliko wote, ofisa mmoja akaandika kwamba kijana huyu asomeshwe fizikia. Nyumbani niliwasimulia mpaka hapo.

Siku moja nilihesabu vibaya. Nilisema wako mbali. Yonas, tuliyekuwa tunakula sahani moja, alisimama kunyoosha mgongo kwa sababu nilimwambia wako mbali.

Tangu hapo nikisikia mshindo, mwili unalala wenyewe. Na kazi niliyosomeshwa ikawa kulipua baruti ardhini na kusikiliza! Kila ilipolia nililala. Vijana wa kazini waliponiuliza, niliwaambia ni utaratibu wa usalama. Wakauandika kwenye kitabu cha mafunzo. Nasikia mpaka leo wanalala.

Tafuteni mtaalamu mwingine. Siwezi kuhesabu vibaya mara ya pili mbele ya watu wangu.

Mdogo wako,
Gervasi


Endasak, 24 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima.

Tulijua. Yonas hatukumjua, lakini mengine tulijua. Wiki uliyorudi, mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni, tukakukuta chini ya kitanda cha baba. Mama alitukusanya nyuma ya nyumba, akasema, "Asiulizwe kitu." Tukanyamaza miaka arobaini na sita tukidhani tunakusaidia. Nisamehe. Mimi ni mkubwa, ningeuliza.

Yonas aliuawa na waliopiga mzinga. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka ishirini na moja mwenye saa ya mkononi.

Mtaalamu mwingine hatutafuti. Njoo baada ya Pasaka. Gidamis atawapeleka ng'ombe mpaka ng'ambo ya korongo, ameapa. Tutakuwa wewe, Bura na mimi tu. Nitasimama nyuma yako nimeshika bega lako, nami ndiye nitakayemwambia Bura apige.

Soksi yako nimeifua.

Dada yako,
Imakulata


Endasak, 14 Julai 2025

Mdogo wangu Gervasi,

Salamu nyingi. Nimewakataza wote wasikupigie simu. Nilitaka uisome hii umekaa.

Mtambo ulianza Jumanne, pale ulipopima upya mwezi wa nne. Mita arobaini, vumbi. Hamsini, vumbi. Katekista akatoa rozari. Ulifanya vizuri kubaki kwako, presha ingekuua. Mita sitini na tatu likatoka tope, kisha maji yakaruka yakamlowesha katekista mpaka rozari. Gidamis akaonja kiganjani, akasema ni matamu, basi ng'ombe wanywe kwanza. Fransiska akamwambia ajaribu aone. Bado wanabishana, lakini wote wawili wanachota.

Jana nilibeba ndoo kutoka kisimani mpaka nyumbani: dakika sita. Nikaitua, nikakaa mlangoni. Asubuhi yote ilikuwa imebaki, sikujua niifanyie nini. Nikalia kidogo, halafu nikanywa chai.

Sasa sikiliza. Wamekuja wanawake kutoka Jorodom, na wazee wa vijiji viwili vya huko chini, wanataka uwapimie nao. Nimewakubalia kwa niaba yako. Jorodom ni Jumatano ijayo, wale wengine wiki inayofuata. Bura amenunua nyundo yake mwenyewe, nami nimewaambia mtaalamu hafanyi kazi bila dada yake.

Usijibu barua hii. Panda gari.

Dada yako,
Imakulata