Katapila Halikuja

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Kalunde. Wenzangu wamekwenda kula, nimebaki ofisini peke yangu, nimepata nafasi ya kukuandikia lile nililoshindwa kukuambia pale hospitali ya Kitete ukiwa umenishika mkono.

Tumehama. Tunakaa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, mlango unatazama mlango. Nimeletwa huku kuwa karani wa kijiji, nikamchukua Mama. Mlango wetu ni uleule wa mninga ulioung'oa kwa mikono yako. Kila mgeni akibisha, Mama anamweleza: "Mlango huu aliuokoa marehemu. Binti yake alimwandikia mapema." Wananitazama kwa heshima, nami najifanya nina kazi jikoni.

Baba, lile katapila halikuwa katapila.

Unakumbuka uliponitembelea Tabora mjini, wiki yangu ya kwanza kazini? Nilikuambia tukutane sheli. Ulisoma ubao herufi moja moja, ukaniuliza mbona umeandikwa jina jingine. Nikakujibu, "Baba, huku kila penye pampu ya mafuta ni sheli." Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta.

Nami nilishakuwa mtu wa mjini. Ofisini kwetu trakta lilikuwa katapila, greda lilikuwa katapila, chuma chochote kinachonguruma na kulizidi lori kilikuwa katapila. Basi nilipoona kwenye ratiba kwamba Jumatatu greda litapita kwetu kusawazisha barabara ya Kigwa, nilifurahi. Nikaandika harakaharaka, nikampa jirani aliyekuwa anawahi treni: "Baba, Jumatatu katapila linakuja huko kwetu. Jiandaeni." Nilitaka muwatoe mbuzi barabarani. Hilo tu, Baba. Mbuzi.

Sikukumbuka kwamba wewe makatapila yenyewe uliyajua. Ulifanya kazi kwenye shamba la karanga la Wazungu kule Urambo. Ulinisimulia mwenyewe ulivyoyaona mawili yamefungwa mnyororo mmoja, yanakwenda sambamba, na msitu wote wa katikati unalala chini. Na siku zile ulikuwa umekataa mara mbili kuhamia kijiji kipya, na waliokataa walitishiwa kubomolewa nyumba. Barua ile ungeielewaje tena?

Mama amenieleza mlivyofanya. Ulimwita baba mdogo mkaezua paa, mkang'oa milango, mkatoa na boriti. Mvua ikawakuta. Mlijibanza kwenye banda la mbuzi siku mbili, nguo zimewalowa mwilini. Jumatatu greda lilipita, likakwangua barabara, likaenda zake. Wewe ulishakuwa na homa, kifua kimebana. Mama alisikia ngurumo tu, akaamini limewaacha kwa sababu halikukuta nyumba ya kubomoa. Jumatano wakakupandisha treni kuja Tabora.

Pale hospitali ulikuwa unavuta pumzi kwa shida, bado ukataka kusema. "Mayu," ulivyozoea kuniita, kama vile mimi ndiye mama yako, "asante. Barua yako ilituwahi. Wangetukuta ndani."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Ndiyo! Ndilo neno la mwisho ulilosikia kwangu. Kesho yake mchana ukaondoka.

Barua ile Mama ameiweka kwenye kopo la majani ya chai. Hajui kusoma, lakini ndugu wakija ananiletea niisome, nami naisoma. Nikifika kwenye neno katapila nalipita harakaharaka.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa wawili tu, tunabambua karanga. Nikamwambia yote: greda, barabara, mbuzi. Mikono yake ikasimama. Hakulia, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

"Hakuna, Mama."

"Basi asijue mtu. Baba yako mdogo alipanda juu ya paa lile na yeye, na tangu siku hiyo anakohoa. Utamwambia kazi ile ilikuwa ya nini?" Akaendelea kubambua. "Na barua utaisoma kama kawaida. Ukiacha ghafla, watauliza."

Jioni baba mdogo akaja. Mama akafungua kopo. Nikaisoma.

Mjini siwezi kurudi. Mama nimwachie nani? Kumkana Mama mbele ya watu pia siwezi. Nimekaa katikati, Baba, na huku na huku kumezibwa. Nimebaki na wewe tu wa kukuambia. Asante yako haikuwa ya kwangu. Nilipaswa kuikataa palepale, nikaona umepumzika usoni, nikaogopa kukusumbua. Au niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Hata sijui. Nisamehe.

Kesho baba mdogo analeta wageni kutoka Ziba. Watakaa, watakula, kisha wataomba barua. Nakuahidi nitawasomea yote, tangu salamu mpaka jina langu, na hawatasikia sauti ikitetemeka.

Pumzika, Baba. Nakuaga.

Mwanao,
Kalunde