Nyumba ya Chatu wa Volti

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya karakana ya mabasi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi na watoto. Hamjambo? Goti lako limepoa? Sisi huku tunakula, tunalala, na presha ya Mama imetulia. Ila mimi, tangu tumzike mdogo wetu Volti, moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Chozi halijatoka hata moja, na majirani wananiona nina roho ngumu.

Uliuliza habari za yule chatu wake. Yupo. Volti alimwacha kwenye beseni la kufulia, nami nikalifunika ubao na tofali juu. Daktari wa mifugo alipomwona akaguna. Anataka sanduku refu la kujinyoosha, matundu ya hewa, pa kujificha, maji, na taa ya joto upande mmoja tu, ili achague mwenyewe joto au baridi. Bila joto hatakula, na asipokula atakufa.

Basi Mama akaenda kwa seremala. Unamjua mama yako, neno nyoka halimtoki mdomoni, yeye husema "kamba". Akaagiza sanduku la kamba. Seremala naye hakuuliza. Katuletea sanduku safi, limepigwa msasa likateleza, halina tundu hata moja, na ndani kafunga ndoano mbili za kutundikia. Mama akang'aka, "Nimemwambia kabisa, kamba ya marehemu!" Nilijua kwamba hicho ni kichekesho. Kicheko ndicho hakikuja.

Matundu nikayatoboa mwenyewe, mbele nikaweka kioo cha kuteleza.

Kazi ikabaki kwenye taa. Umeme wa nyumba hii unaujua ulivyochoka. Nyaya za kuaminika ziko chumbani kwa Volti tu, alizifunga kwa mkono wake. Na Mama alikifunga chumba siku ya mazishi. "Umeme umeshanila mwana mmoja," akasema, "usiniletee mwingine." Na kweli, Volti kafia juu ya nguzo ya umeme, kazini. Chatu akaacha kugusa panya. Nilimwona anakonda, na sikuhisi kitu.

Juzi natoka kwenye cherehani yangu, nakuta mlango wa Volti wazi. Mama kamwita fundi umeme mwenzake Volti, yule waliyekuwa wakipanda nguzo pamoja. Fundi anavuta waya, na Mama kaishika ngazi kwa mikono miwili. "Shuka polepole, mwanangu," anarudia, na huyo fundi yuko kidato cha pili tu cha ngazi. Taa ilipowaka, Mama hakuiachia ngazi. Akasema, "Haya mleteni, asipigwe na baridi."

Jana chatu alikula. Mama alinifuata jikoni kuniambia, "Amekula," kwa ile sauti yake ya zamani, ya Volti mdogo akipona homa. Nikaacha vyombo kwenye maji, nikakaa chini sakafuni.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awatangulie mkitoka, awapokee mkirudi. Na ukija likizo, Kaka, jiandae kulala sebuleni. Mama anasema kile chumba kina mtu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi Cherehani